Barua kwa Mzee wa Ngazi: Bustani ina viti, haina fungu

Barua sita mwezi huu zinaanza na methali ile ya ufa na ukuta. Nawaomba tuipumzishe. Ofisini kwetu ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu, herufi kubwa, na kila Mei Mosi ikikaribia mimi ndiye niliyetumwa kuipaka upya. Ufa ulianzia juu ya herufi ya kwanza ukashuka hadi kwenye swichi ya taa. Tuliuziba kwa rangi ileile ya bluu.

Kwa wageni wa safu hii: nilikuwa fundi sanifu wa majengo katika halmashauri moja ya pwani kwa miaka 27. Nilikagua shule, zahanati, masoko, bustani, hata uzio wa makaburi. Jina la Mzee wa Ngazi nilipewa na vibarua, kwa sababu sikupokea ripoti ya paa kutoka kwa mtu ambaye hajapanda ngazi akaliona.

Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ya bustani ya mtaa wetu. Miaka miwili iliyopita mfadhili alitujengea bustani ndogo: viti 12 vya mbao, taa 6 za sola, bembea 2, bomba la maji na choo cha matundu 4. Siku ya kukabidhiwa tulipiga ngoma. Leo taa 4 haziwaki, bembea moja imekatika mnyororo, choo kimefungwa kwa kofuli kwa sababu kimejaa. Tukienda halmashauri tunaambiwa hakuna fungu. Tukichangisha, watu wanasema bustani ni ya serikali. Tuanzie wapi?
*Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Siku mfadhili anapokabidhi funguo, watu wote wanatazama kibao chenye jina lake, na hakuna anayeuliza choo kikijaa kitanyonywa na nani. Swali hilo lilipaswa kuulizwa kabla lori la kwanza la mchanga halijamwaga, likaandikwa kwenye makubaliano na kutiwa sahihi. Wakati huo umepita, tushike kilichopo.

Anzeni na choo. Najua kamati inatamani taa, maana taa zinaonekana kutoka barabarani. Lakini choo kikifungwa watu wanazunguka nyuma ya michongoma, harufu inaanza, akina mama wanaacha kuleta watoto, na bustani isiyo na watoto jioni haichelewi kupata wenyewe wengine. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Leteni gari la kunyonya, badilisheni washa za koki, fungueni kofuli. Hiyo ni kazi ya wiki moja, na ndiyo itakayowapa sauti mtakapoomba mengine.

Kisha nunueni daftari kubwa, kauntabuku. Kila kitu kilichomo bustanini kipate ukurasa wake na namba yake. Kiti namba 7: mbao nzima, skrubu mbili hazipo, mguu wa kushoto una kutu, rangi ilipakwa mara ya mwisho mwezi fulani. Taa namba 3: paneli nzima, balbu nzima, betri imekufa. Hapo kwenye taa nawaomba msifanye haraka. Taa ya sola ikizima baada ya miaka miwili au mitatu, mara nyingi kilichokufa ni betri tu, lakini watu huing'oa yote na nguzo yake, wakaomba mpya. Mtafuteni kijana anayetengeneza redio na simu hapo mtaani aje na kipimo chake, azipime zote 6 moja moja.

Daftari likishajaa, pigeni hesabu ya mwaka mzima. Nakufanyia mfano, bei ni za kukisia, ninyi mkaulize kwenye duka la vifaa la kwenu. Mtunza bustani sh. 200,000 kwa mwezi, mwaka ni 2,400,000. Maji 60,000 kwa mwezi, mwaka 720,000. Kunyonya choo mara 2, kila mara 120,000, ni 240,000. Rangi, mbao na skrubu za viti 350,000. Minyororo na vishikio vya bembea 100,000. Betri 6 kwa sh. 90,000 ni 540,000, lakini hizo hubadilishwa kila baada ya miaka 3, kwa hiyo kila mwaka mnatenga 180,000. Jumla ni sh. 3,990,000, yaani milioni nne kasoro elfu kumi.

Hiyo 180,000 ya betri ndiyo itakayowapa ugomvi. Mkishaweka betri mpya, mwaka wa kwanza hakuna iliyokufa, na pesa imekaa tu. Atatokea mjumbe mwenye maneno matamu aseme tununue jezi za timu. Msikubali. Pesa hiyo imeshaliwa tayari, ni vile tu aliyeila ni betri na hajaonekana bado.

Sasa itoke wapi? Wanaosema bustani ni ya serikali wana haki. Ni ya umma, na wanalipa kodi na ushuru kila siku ya Mungu. Mimi si mpenzi wa michango ya nyumba kwa nyumba kwa kazi ambayo ni ya halmashauri. Huanza kwa moyo na kuisha kwa kufungiana milango. Ila pembe ya bustani inayotazama kituo cha daladala ni mali. Vibanda viwili, kimoja cha juisi na kahawa, kingine cha kuchaji simu na vocha, kila kimoja kodi ya 100,000 kwa mwezi, vinaleta 2,400,000 kwa mwaka. Mshahara wa mtunza bustani umepatikana. Maharusi nao wanapenda kupiga picha penye maua. Wawekeeni ada ndogo, na mtunza bustani asijadiliane nao bei, awaoneshe kibao.

Hapa kuna shimo ambalo kamati nyingi zimetumbukia. Mapato ya mali ya umma hayaliwi yakiwa mikononi. Mkipokea kodi ya kibanda na jioni hiyohiyo mkamlipa mtu wa maji, mmetumia fedha mbichi, na mkaguzi akija hatauliza maji yalikuwa matamu kiasi gani. Kaeni na mkurugenzi mkiwa na ofisa wa maendeleo ya jamii na mwanasheria wa halmashauri, mwandike mkataba: kikundi chenu kisajiliwe, kipewe usimamizi wa bustani kwa miaka kadhaa, mapato yapite benki, taarifa itolewe kila robo mwaka. Msipoandikiana, pesa yenu italipwa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, iingie kwenye kapu kubwa la halmashauri, na ikishaingia humo hairudi bustanini ila kwa bajeti.

Na bajeti ina majira kama mpunga. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini chakula kinapikwa mapema zaidi. Mkipeleka barua Mei, mmebisha hodi jikoni sahani zimeshapakuliwa. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yenu: ombi lipite kwenye mkutano wa mtaa, liingie kwenye muhtasari, liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani alibebe. Msiandike "tunaomba ukarabati wa bustani." Ofisa mipango akiona sentensi hiyo anaweka sifuri na dhamiri yake inalala usingizi. Andikeni kunyonya choo mara 2, sh. 240,000, maji miezi 12, sh. 720,000. Afadhali akate mstari wenye namba, maana atalazimika kusema amekata nini.

Mzee wangu, salaam. Nauza mitumba katika soko la kaunti. Paa lavuja, bomba za maji ya mvua zimejaa mifuko na matambara, tukinyeshewa twafunika nguo kwa turubai. Tumelalamika mpaka tumechoka. Sasa kaunti yatangaza itajenga soko jipya mtaa wa pili. Kwani hili haliwezi kutengenezwa?
*Muuza mitumba, Pwani ya Kenya*

Laweza, kijana wangu. Lakini soko jipya lina utepe wa kukata, bomba lililozibuliwa halina. Hiyo ni nusu ya jibu, na kila mtu anaijua.

Nusu ya pili iko kwenye sheria yenyewe, na wachache huiangalia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa kipindi cha muda wa kati, iende kwenye maendeleo. Nia ilikuwa njema: pesa zisiishie kwenye mishahara na safari. Lakini ona linavyotokea. Soko jipya ni maendeleo, linaisaidia kaunti kufika kwenye 30. Mtu wa kuzibua mabomba ni matumizi ya kawaida, anakaa kapu moja na mishahara, na mishahara haikosi wa kuitetea. Kwa hiyo bomba halizibuliwi mpaka bati lioze, na bati likishaoza, kubadilisha paa zima kunakuwa maendeleo. Kaunti inapata tuzo kwa kungoja.

Kwetu huku sheria ni nyingine lakini ugonjwa mmoja. Mwaka wa mvua za El Niño, 1997 kuelekea 1998, nilikuwa na ukumbi mmoja wa mikutano chini ya uangalizi wangu. Pembeni palikuwa na mti mkubwa wa mkungu, na majani yake yalikuwa yameziba gata, mfereji wa maji ya paa, kuanzia kona ya jikoni hadi mlango wa mbele. Nikaomba ngazi moja na vibarua wawili kwa siku moja. Faili likapanda, likashuka limeandikwa kwa wino mwekundu: "isubiri bajeti ijayo." Maji yakakosa pa kwenda, yakarudi ndani, yakanywewa na fishabodi, ubao wa ukingoni mwa paa, kisha na miguu ya kenchi, mbao zinazobeba paa. Nilikuwa nikipita asubuhi nachoma mbao kwa bisibisi. Januari iliingia kucha moja, Machi iliingia kidole kizima. Silingi iliangukia viti usiku wa Jumatatu, na namshukuru Mungu kikao kilikuwa Jumanne. Mwaka uliofuata tukapata paa jipya, mkandarasi, kibao na mgeni rasmi. Kwenye hotuba hakuna aliyeutaja mkungu. Nami nilikaa safu ya tatu, nikapiga makofi.

Basi ninyi fanyeni hivi. Gawanyeni malalamiko yenu mafungu mawili. Kubadilisha mabati, mabomba na sakafu iliyobomoka kuombwe kama ukarabati mkubwa, kuingie kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka. Kaunti hutakiwa kuufikisha bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, kwa hiyo muoneni MCA wenu, mwakilishi wa wadi, mapema, wala msingoje matangazo. Kuzibua, kufagia paa, kubadilisha koki kuombwe kwenye matumizi ya kawaida. Hayo mtayasema kwenye vikao vya kutoa maoni, kabla makadirio hayajafikishwa bunge la kaunti, siku ya mwisho ikiwa Aprili 30. Waambieni wataje kasma, yaani fungu la bajeti, na kiasi. Taarifa za Mdhibiti wa Bajeti hutoka kila robo mwaka na zipo wazi kwa umma. Mmoja wenu anayejua hesabu azisome, aone ni nini kilichotengwa na ni nini kilichotumika.

Mkiulizwa kiasi gani kinatosha, msikwame. Mwaka 1990 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilipendekeza majengo ya umma yatengewe kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuyajenga upya leo. Soko la kugharimu milioni 50 linahitaji kati ya milioni 1 na milioni 2 kila mwaka ili likae vizuri. Mkishaijua namba hiyo, liulizieni na lile soko jipya la mtaa wa pili: gharama yake ni kiasi gani, na hiyo asilimia mbili itatoka wapi mwaka wa kwanza. Waulizeni mapema, simenti ikiwa bado kwenye mifuko.

Jambo moja zaidi, kwa wale wanaodhani paa la soko ni bati tu. Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, alilolibuni msanifu majengo Beda Amuli miaka ya 1970, lina yale maua makubwa ya zege juu, na yalibuniwa kukusanya maji ya mvua yashuke hadi kwenye matangi ya chini. Kila nikilitazama nawaza, huyu bwana aliwaamini sana watu wa kuzibua mabomba.

Assalaam alaykum. Naishi ghorofa ya pili, nyumba ya wakfu wa ukoo, Mji Mkongwe. Kodi ni ndogo sana, nakiri. Lipu inaanguka vipande. Msimamizi alileta fundi akapiga saruji, masika ilipopita ikaanguka tena, safari hii na jiwe lake. Nani hasa apaswa kutengeneza, na kwa pesa gani?
*Bibi wa wajukuu sita, Unguja*

Waalaykum salaam, bi mkubwa. Kwanza huyo fundi wa saruji asirudi. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Unakunywa maji na unayatoa, miaka nenda rudi. Ukiuvisha saruji unakuwa umemfunga mtu pua. Maji na chumvi vinakaa nyuma ya lipu, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, ikitoka inatoka na nyama. Lipu ya nyumba hiyo ni chokaa iliyolowekwa ikaiva, na mchanga safi usio na chumvi, ikapigwa nyembamba mara kadhaa. Inachukua siku, na fundi wa haraka atakwambia imepitwa na wakati.

Kisha, kabla ya lipu, mwombe mjukuu mwenye macho mazuri atazame juu, pale ncha za boriti zinapoingia ukutani upande wa mvua. Achokoe kwa msumari. Ukitoka unga wa kahawia, acheni habari ya lipu, iteni mtu wa Mamlaka ya Mji Mkongwe aje aone, na vitanda visogezwe upande wa pili tangu leo. Ukuta wa kule hubomolewa na maji ya juu: gata iliyovunjika, tenki linalofurika, kiyoyozi cha jirani kinachodondoka mahali pamoja usiku na mchana.

Swali la pesa. Wazee wetu walilijibu kabla ya kuja hizi bajeti. Kwa mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, mapato ya wakfu huanza kuitengeneza mali yenyewe, ndipo wanufaika wapewe chao, isije mali ikafa na sadaka ikakatika. Babu yangu Tanga alikuwa msimamizi wa maduka mawili ya wakfu wa msikiti. Alikuwa na mikebe miwili ya biskuti. Kodi ikija, mkebe wa chokaa na boriti ulijazwa kwanza, mkebe wa pili ukapata kilichobaki. Imamu mwenyewe alingoja. Nilifanya kazi ya halmashauri miaka 27 sikuona bajeti iliyopangwa kwa akili kuliko mikebe ile.

Kwa hiyo wa kutengeneza ni msimamizi, kwa pesa ya kodi, kabla hajamgawia mtu yeyote wa ukoo. Lakini bi mkubwa, nawe umekiri. Kodi iliyowekwa zamani hainunui leo hata gunia moja la chokaa. Mwambieni msimamizi mko tayari kuongeza, kwa maandishi, na kwa sharti moja: nyongeza yote iingie akaunti ya matengenezo, na wapangaji wawili waone taarifa ya benki. Najua hutaipenda nusu ya ushauri huu. Naye hataipenda nusu nyingine.

Wala msijipe moyo kwamba nyumba ikiwa na sifa italindwa na sifa zake. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, imo ndani ya mji ulioingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mwaka 2012 kona yake moja ilibomoka. Desemba 25, 2020 sehemu kubwa ikaporomoka, ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wawili wakafa. Nyumba yako haina hata jina. Tazameni boriti.

Kwa kifupi

*Msomaji wa Arusha anauliza kama bustani ya mtaa itozwe kiingilio.* Kiingilio kinafaa penye eneo kubwa, uzio na kitu cha kutembelea. Msitu wa Karura, Nairobi, umeendeshwa hivyo kwa miaka, pesa ya getini ikilipia walinzi, njia na uzio. Na mwaka 2025 kulizuka ugomvi mkubwa kuhusu pesa hiyo iingie akaunti gani, maana watu walijua ikipotea akaunti, msitu unafuata. Kwa bustani ya robo eka katikati ya nyumba, usithubutu. Utamfungia nje mtoto wa muuza karanga, na bustani ni yake kwanza, hana uwanja mwingine.

*Msomaji wa Morogoro anataka kujua kama kampuni ikijitolea kupaka rangi shule ipewe ruhusa ya kuweka nembo yake.* Rangi wapake, nembo iwe ndogo, na waulizeni nani atapaka mwaka wa nne. Wakicheka, mmeshapata jibu.

*Msomaji wa Lindi anataka kivuli cha haraka kwenye uwanja wa zahanati, na amependekeza mkungu.* Panda, ni mti mzuri, unatandaza matawi kama mwavuli na watoto watakula kungu. Ila uwe mita 10 au zaidi kutoka ukingo wa paa, na siku ya kuupanda andikeni kwenye daftari la zahanati jina la mtu atakayesafisha gata kila majani yakipukutika. Yakiwa mekundu, zimebaki siku chache. Ngazi iwekwe palepale, ya mbao inatosha, na isiazimwe harusini.